Kutambua vyombo kwa umbo la pande tatu: kuanzia picha za simu hadi jina la chombo

Picha ya kawaida haijui ukubwa. Kikombe kilicho karibu na kamera na ndoo iliyo mbali vinaweza kujaza pikseli zilezile, na kompyuta iliyofundishwa kwa picha tupu hubaki kubahatisha kwa rangi na vivuli. Ndiyo maana watu wa uoni wa kompyuta, fani ya kuifanya kompyuta ielewe picha, walianza kuhangaika na umbo la pande tatu tangu fani ikiwa changa. Tasnifu ya Lawrence Roberts pale MIT, mwaka 1963, ilihusu programu iliyosoma picha ya maumbo yenye pembe na kutoa muundo wake wa pande tatu. Roberts huyohuyo baadaye alikwenda kuongoza ujenzi wa ARPANET, babu wa intaneti, na kazi ya maumbo akawaachia wengine. Wengine hao bado wanaendelea.

Mwongozo huu unachukua meza moja yenye vyombo vya nyumbani (sufuria, birika, chupa ya chai, jagi, kikombe na ndoo ndogo) na kuifikisha mahali ambapo kompyuta inaweza kusema kila kimoja ni nini na kiko wapi. Unahitaji simu yenye kamera ya kueleweka, kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi, Python, na programu tatu za bure: COLMAP (inageuza picha kuwa umbo), Open3D (maktaba ya Python ya kuchakata umbo hilo) na CloudCompare (ya kulitazama na kulipima). Kadi ya michoro ya NVIDIA itakurahisishia hatua moja. Usipokuwa nayo kuna njia ya kuzunguka, nitaitaja tukifika.

Kwanza: amua umbo litakaaje ndani ya kompyuta

Wengi huanza kwa kuuliza watumie mtandao gani wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano. Swali hilo ni la mwisho. La kwanza ni namna ya kulihifadhi umbo lenyewe, kwa sababu kila namna inabakiza kitu na kutupa kingine, na kile ilichokitupa hakuna mtandao utakaokirudisha. Chukua utambo wa ndoo, ule waya wa kushikia wenye unene wa milimita tatu au nne. Nitaufuata waya huo kuanzia hapa hadi mwisho, maana ndio kipimo kizuri cha kazi yote.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Irving Biederman alitoa nadharia kwamba binadamu hutambua vitu kwa kuvivunja katika maumbo sahili machache, pengine yasiyozidi 36: silinda, koni, tofali, tao na kadhalika. Mfano wake mmoja ni kikombe na ndoo. Sehemu zake ni zilezile, silinda moja na tao moja. Tao likiwa ubavuni umepata kikombe, likiwa juu umepata ndoo. Kabla yake Thomas Binford, mwaka 1971, alikuwa amependekeza kueleza vitu kwa silinda za jumla, yaani umbo linalotokana na kusogeza duara au mraba kwenye mhimili, na David Marr na Keith Nishihara wakaliendeleza wazo hilo mwaka 1978. Ni wazo zuri mno kulisoma na gumu mno kulitekeleza: kuipata hiyo silinda na hilo tao ndani ya picha yenye vumbi, vivuli na vyombo vinavyozibana ndiko kulikowashinda wengi. Leo hakuna anayeanzia hapo, ila kikombe na ndoo tutakutana navyo tena.

Namna zinazotumika sasa ni hizi.

Picha ya kina ni picha ya kawaida ambayo kila pikseli, badala ya rangi, imebeba umbali kutoka kwenye kamera. Ndiyo inayotoka kwenye vihisi kama Kinect ya Microsoft iliyoingia sokoni mwaka 2010. Ni nyepesi na mitandao ya picha inaila bila shida, lakini inaona upande mmoja tu. Nyuma ya birika hakuna kitu.

Wingu la nukta ni orodha ya nukta, kila moja na namba tatu, x, y na z, na mara nyingi rangi yake. Halina mpangilio: ukichanganya orodha, umbo ni lilelile. Wala halisemi nukta ipi imeungana na ipi. Utambo ndani ya wingu ni mstari wa nukta chache zinazoelea, kama zimepatikana.

Vokseli ni vijisanduku sawa vinavyojaza nafasi nzima, kila kimoja kikisema kimejaa au kitupu. Ni rahisi kuvielewa na ni vilafi wa kumbukumbu. Eneo la mita moja na nusu kila upande, kwa vijisanduku vya milimita 5, ni 300 mara 300 mara 300, yaani vokseli milioni 27, na karibu zote ni hewa. Mifumo ya mwanzo ya kutambua maumbo ilikimbia gharama hiyo kwa kutumia vokseli 30 tu kila upande. Ukiiweka ndoo ya sentimita 30 ndani ya gridi hiyo, kijisanduku kimoja kinakuwa na sentimita moja. Utambo unapotea au unavimba kama bomba.

Wavu wa pembetatu unaunganisha nukta kuwa uso. Ndio wanaoupenda watu wa michezo ya kompyuta na filamu. Kwa kutambua vitu una tabu moja: programu inayoujenga hupenda kuziba matundu, na tundu kati ya kishikio cha kikombe na ubavu wake ni habari, si kasoro.

Namna ya mwisho inashangaza wengi: kulihifadhi umbo kama picha kadhaa zilizochukuliwa kulizunguka. Nitaieleza kwenye hatua ya kutambua, maana iliwapiga chenga wenye vokseli.

Kuna pia mbinu za kuchora mandhari upya kutoka kwenye picha: NeRF ya mwaka 2020 na ile ya vitone vya Gauss ya mwaka 2023 zitakupa video tamu ya meza yako kutoka kila pembe. Kwa kazi ya leo ziache. Zimeundwa ili picha ipendeze, na kitu kinachopendeza machoni si lazima kiwe na uso ulio mahali pake kwa milimita.

Mimi nachagua wingu la nukta. Linabaki na vipimo halisi, halijazi hewa, na Open3D inalishughulikia vizuri.

Pili: piga picha

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kufa, na hapa ndipo watu hufanya haraka.

Programu itatafuta alama ndogondogo kwenye kila picha, izioanishe kati ya picha na picha, kisha ikokotoe kamera ilikuwa wapi na alama ziko wapi. Kwa hiyo uso usio na alama hauna umbo. Meza nyeupe ya plastiki ni jangwa. Tandika gazeti la kurasa kubwa: herufi haziko sawa mahali popote, na programu inapenda hivyo. Kitenge kinavutia, lakini ruwaza yake inajirudia, na ua la kushoto litaoanishwa na ua la kulia bila aibu. Matokeo yake ni meza iliyokunjika.

Adui wa pili ni mng'ao. Sufuria ya alumini iliyosuguliwa kwa steelwool haina rangi yake yenyewe, inaonyesha dirisha, dari na wewe mwenyewe, na vyote vinahama kila unapohama. Glasi ni hivyohivyo. Dawa ni kuupumbaza uso: pakaza poda ya mtoto juu ya chombo kwa kitambaa au brashi, kwa tabaka jembamba lenye madoa ya hapa na pale. Tabaka laini lisilo na doa linakurudisha kwenye jangwa. Chupa ya chai yenye maua haihitaji chochote.

Vyombo viache nafasi ya sentimita tano hivi kati yake. Utaona sababu.

Mwanga uwe wa kivulini, barazani au karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Taa ya simu izimwe, kwa sababu inatembea nawe na kuvihamisha vivuli. Bonyeza na kushikilia kwenye kioo ili fokasi na mwanga vijifunge, usitumie zumu, na simama kabisa kabla ya kubonyeza.

Zunguka meza mwenyewe. Usiizungushe sahani huku umesimama, kwa sababu ukuta wa nyuma utabaki palepale na programu itauamini ukuta. Piga picha kila unapopiga hatua ya nyuzi kama 12, yaani picha 30 kwa mzunguko. Fanya mizunguko mitatu: mmoja usawa wa vyombo, mmoja kwa nyuzi 30 au 40 kutoka juu, na mmoja ukiinama kutazama ndani ya sufuria. Picha mbili jirani ziwe na angalau theluthi mbili za eneo la pamoja.

Kuhusu utambo: ulaze ubavuni mwa ndoo kwa mzunguko wa kwanza na utaona karibu haupo kwenye wingu. Simama karibu, na umbali una bei kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kosa la kina hukua kwa mraba wa umbali. Ukisogea mbali mara mbili, kosa ni mara nne. Piga picha kumi za ziada za ndoo kutoka nusu mita, utambo ukiwa umesimamishwa juu kwa uzi au ukiegemea kitu, na usiuguse tena mpaka umalize.

Mwisho, weka alama mbili kwa kalamu nene kwenye gazeti, zikiwa na sentimita 50 kamili kati yake, na jozi nyingine ya sentimita 30 upande wa pili wa meza. Jozi ya kwanza ni ya kupimia, ya pili ni ya kukagua.

Wenye simu za iPhone Pro kuanzia 12 Pro wana kihisi cha leza na watauliza kwa nini wasikitumie. Kitumie kwa chumba. Kwa kikombe nukta zake ni chache mno, na kishikio kitatoka kama uvimbe. Skana za leza za wataalamu ni jambo jingine: Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulizitumia kuyahifadhi magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa pande tatu, kuta nzima na kuba zake. Hizo si za kununua kwa ajili ya birika.

Tatu: geuza picha kuwa wingu

Weka picha zote kwenye folda moja iitwayo picha, kisha andika kwenye dirisha la amri:

    colmap automatic_reconstructor --workspace_path . --image_path ./picha

COLMAP ilitokana na kazi ya Johannes Schönberger na ilitolewa mwaka 2016. Ndani yake kuna ukoo mrefu: alama zinatafutwa kwa mbinu ya SIFT aliyoibuni David Lowe na kuitangaza mwaka 1999, na uoanishaji ni wa familia ileile iliyowawezesha watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mwaka 2009, kuchukua picha 150,000 za mji wa Roma kutoka mtandaoni na kuzichakata kwa chini ya siku moja kwenye kompyuta zenye jumla ya viini vya prosesa karibu 500. Picha zako mia moja hazitaitoa jasho.

Kazi inakwenda kwa awamu mbili. Ya kwanza inatoa wingu jepesi la alama na mahali pa kamera, na hiyo inafanyika kwenye kompyuta yoyote. Fungua matokeo na utazame kamera: zinatakiwa kuunda pete tatu safi kuizunguka meza. Pete ikikatika, au kamera zikirundikana pembeni, rudi ukapige picha za sehemu ile. Usiendelee kwa matumaini. Awamu ya pili inajaza nukta kwa wingi, na COLMAP inadai kadi ya NVIDIA kwa hiyo. Usipokuwa nayo, peleka matokeo ya awamu ya kwanza kwenye programu nyingine, OpenMVS, ambayo inakubali kufanya kazi kwa prosesa ya kawaida, ila iache usiku kucha.

Faili utakayoitaka ni fused.ply, ndani ya folda ya dense.

Nne: rudisha vipimo na uisimamishe meza

Wingu kutoka kwenye picha halina kipimo. Umbo ni sahihi lakini meza inaweza kuwa na urefu wa "7.3" ya kitu kisichojulikana, na chini yake inaweza kutazama popote. Ndipo alama zako zinapolipa. Fungua wingu kwenye CloudCompare, bofya alama mbili za sentimita 50, soma umbali, kisha gawa 0.5 kwa umbali huo. Namba hiyo, tuiite k, ndiyo utakayozidisha wingu zima, na kuanzia hapo kila kitu ni mita. Kagua kwa jozi ya sentimita 30: ikisoma kati ya 29.7 na 30.3 endelea. Ikisoma 28, gazeti lilisogea au wingu limepinda. Kisha hamia Python:

    import open3d as o3d
    wingu = o3d.io.read_point_cloud("fused.ply")
    wingu.scale(k, center=(0, 0, 0))
    wingu = wingu.voxel_down_sample(0.003)
    wingu, _ = wingu.remove_statistical_outlier(20, 2.0)
    bapa, ndani = wingu.segment_plane(0.008, 3, 1000)
    vyombo = wingu.select_by_index(ndani, invert=True)
    mafungu = vyombo.cluster_dbscan(eps=0.02, min_points=15)

Mstari wa nne unapunguza nukta hadi moja kwa kila milimita 3. Wa tano unafuta nukta zilizo mbali kupita kawaida na majirani zake 20. Hapo uwe macho, kwa sababu utambo, kwa macho ya takwimu, ni takataka: ni nukta chache zisizo na majirani wengi. Ukiona umetoweka, pandisha 2.0 iwe 3.0 na uvumilie vumbi kidogo.

Mstari wa sita unatafuta meza kwa RANSAC, mbinu ya Martin Fischler na Robert Bolles ya mwaka 1981. Inachukua nukta tatu kwa bahati nasibu, inapitisha bapa juu yake, inahesabu nukta ngapi zimekubaliana nalo ndani ya milimita 8, na kurudia mara elfu moja. Bapa lenye kura nyingi linashinda. Kama sakafu imeonekana kuliko meza, sakafu ndiyo itakayoshinda, kwa hiyo kata wingu kwa CloudCompare kabla ya kuanza.

Kinachorudi ni namba nne. Tatu za kwanza ni mshale unaosimama wima juu ya meza. Zungusha wingu zima mpaka mshale huo uelekee juu, na vyombo vikionekana vinaning'inia chini ya meza, geuza alama za namba zake, chanya iwe hasi na hasi iwe chanya. Kisha bakiza nukta zilizo kati ya sentimita 1 na 60 juu ya bapa.

Watu huiona hatua hii kama usafi tu. Thamani yake ni kubwa zaidi. Umeiambia kompyuta juu ni wapi, kwa hiyo chombo kilichosimama mezani kimebaki na namna moja tu ya kugeuka, kuzunguka mhimili wa wima. Mtandao utakaoufundisha baadaye hautapoteza nguvu kujifunza sufuria iliyoinama nyuzi 57 hewani.

Tano: gawa vyombo

Mstari wa mwisho, wa DBSCAN, unaweka pamoja nukta zilizo ndani ya sentimita 2 kutoka kwa jirani. Nafasi ya sentimita tano uliyoacha kati ya vyombo sasa imejieleza. Vyombo vilivyogusana vitatoka fungu moja, na kuvitenganisha baadaye ni kazi ngumu kuliko kuvisogeza kabla.

Utambo utakusumbua tena: waya ukikatika katikati, vipande vyake vitakuwa mafungu yake vyenyewe. Kanuni inayofaa ni fupi. Fungu dogo ambalo, likitazamwa kutoka juu, linaangukia ndani ya eneo la fungu kubwa, liunganishe nalo. Hakuna chombo kinachoelea juu ya kingine, isipokuwa kifuniko, na kifuniko nacho ni cha sufuria.

Sita: kipe jina

Ukitaka kujua kama hiki ni kile kile chombo ulichokiona jana, huhitaji mtandao wa neva. Hifadhi wingu safi la kila chombo kama kielelezo. Kokotoa alama za FPFH, ambazo Radu Rusu na wenzake walizitoa mwaka 2009: kila nukta inapata namba 33 zinazoeleza jinsi uso unavyopinda kuizunguka. Open3D inazo. Zioanishe na za kielelezo upate makadirio ya kwanza, kisha ICP, ya Besl na McKay ya mwaka 1992, isogeze kielelezo kidogokidogo mpaka kikae. Kielelezo kilichokaa vizuri kuliko vyote ndicho jina. Sufuria ya duara itakaa vizuri kwa kila mzunguko, na hilo si kosa: haina mbele wala nyuma. Ni tatizo tu kwa mkono wa roboti unaotafuta pa kushika.

Ukitaka jina la aina, yaani birika lolote hata usilowahi kuliona, anza na kitu cha kizamani. Kwa kila fungu pima kimo, upana mkubwa, uwiano wake, upana wa juu dhidi ya wa chini, na kama katikati ya juu kuna tundu. Mpe namba hizo mwainishaji wa miti ya maamuzi, programu inayofikia jina kwa maswali ya ndiyo au hapana yanayofuatana. Ukiwa na mifano michache kwa kila aina, mtandao mkubwa unaweza usimshinde, na huyu unaweza kumuuliza kwa nini alisema alichosema.

Mifano ikiongezeka, nenda PointNet, ya Charles Qi na wenzake wa Stanford, mwaka 2017. Ujanja wake unakwenda moja kwa moja kwenye udhaifu wa wingu. Kwa kuwa nukta hazina mpangilio, kila nukta inapitishwa peke yake kwenye mtandao mdogo uleule, kisha kwa kila sifa inachukuliwa thamani kubwa kuliko zote. Changanya orodha utakavyo, kubwa ni ileile. Umbo zima linaamuliwa na nukta chache za kingo na pembeni, kwa hiyo ukizifuta nyingine nyingi jibu halitikisiki. Upande wa pili wa ujanja huo ni kwamba kila nukta haiwajui majirani zake, na toleo la pili, PointNet++, lilikuja mwaka huohuo kurekebisha hilo.

Kipimo cha jadi ni ModelNet40 ya Princeton: maumbo 12,311 ya kuchorwa kwa kompyuta, aina 40, ikiwemo kikombe, chupa na bakuli. Mfumo wa vokseli uliotolewa pamoja nacho mwaka 2015 ulitaja jina sahihi kwa asilimia 77. Mwaka huohuo kundi jingine likachora kila umbo kama picha 12 za kulizunguka, likazipitisha kwenye mtandao wa picha uliokwisha kufundishwa kwa picha za kawaida, na kupata asilimia 90. PointNet ikaja na 89.2. Kwa hiyo kama una kadi ndogo na mtandao wa picha uko tayari, kuchora picha 12 za kila fungu ni njia halali kabisa, si ya mkato.

Kufundisha kunaanza kwa kuchagua nukta 1,024 kutoka kila fungu, kulisogeza katikati, na kulipunguza likae ndani ya tufe la kipimo cha 1. Mafunzo mengi yanaishia hapo, na hapo ndipo mtego ulipo. Umeshapoteza jioni nzima kurudisha vipimo vya mita, halafu mstari mmoja unavifuta. Ndani ya tufe la kipimo cha 1, kikombe cha plastiki kisicho na kishikio na ndoo ambayo utambo wake haukushikwa ni umbo moja. Dawa ni rahisi: hifadhi kimo na upana halisi kabla ya kupunguza, na uvibandike kwenye sifa zinazoingia tabaka la mwisho la mtandao.

Wakati wa kufundisha, zungusha mifano kuzunguka mhimili wa wima tu, lakini ongeza mifano iliyopinduliwa juu chini, maana sufuria kwenye kichanja cha vyombo hukaa zimefudikizwa. Ongeza pia mifano iliyokatwa upande. Maumbo ya ModelNet40 ni kamili na safi, nyuma na mbele, na hakuna wingu lako litakalokuwa hivyo. Mwaka 2019 seti ya ScanObjectNN, iliyotengenezwa kwa vitu halisi vilivyoskaniwa, aina 15, ilionyesha jinsi mitandao iliyong'ara kwenye maumbo ya kuchorwa inavyoporomoka ikikutana na vumbi la kweli.

Saba: pima bila kujidanganya

Gawa data kwa chombo, usigawe kwa picha wala kwa siku. Birika lililo kwenye mafunzo lisionekane kwenye majaribio, hata likiwa kwenye meza nyingine. Kisha usitazame asilimia moja ya jumla, chora jedwali la nini kilichanganywa na nini. Hata ModelNet40 ina aina za chungu cha maua, jagi la maua na mmea, na mitandao huzichanganya kila siku, kwa sababu tofauti yake nusu ni umbo na nusu ni matumizi. Kwako angalia ndoo na kikombe, jagi na birika. Kosa likirudi palepale, kabla ya kubadilisha mtandao fungua wingu la mfano uliokosewa na utazame kwa macho. Mara nyingi kishikio hakikufika kwenye mtandao hata mara moja.

Nane: kutoka mezani hadi chumbani

Njia ni ileile kwa chumba kizima, kwa kurudia RANSAC: sakafu, kisha kuta, kisha dari, kila bapa likitolewa ili linalofuata lionekane. Kilichobaki ni fanicha na vyombo. Hapa kihisi cha leza cha simu kinafaa, na vokseli nazo zinarudi kwa heshima, kwa sababu maktaba kama MinkowskiEngine ya mwaka 2019 huhifadhi zile zilizojaa tu na kuiacha hewa.

Mitandao iliyofundishwa tayari inatokana na seti kama S3DIS ya Stanford, yenye vyumba 271 na aina 13, au ScanNet ya mwaka 2017, yenye skani 1,513. Orodha ya aina za ScanNet ina sofa, friji, beseni la kuogea na pazia la bafu. Haina jiko la mkaa, kigoda wala kichanja, na mtandao hautanyamaza ukiviona, utavipa jina la kitu unachokijua. Kwa hiyo weka alama za aina zako mwenyewe kwenye vyumba vichache na uendelee kufundisha kutoka pale walipoishia wao.

Na kabla ya kufuta safu ya rangi kwenye faili ili kuokoa nafasi, fikiria mkeka. Unene wake ni milimita chache, RANSAC yako inavumilia 8, kwa hiyo utaondoka pamoja na sakafu kila mara na hakuna kipimo cha umbo kitakachouona. Hifadhi rangi ya kila nukta, na ukishalitoa bapa la sakafu utafute mkeka ndani yake kwa rangi peke yake.